Wale Tuliowatoa Korongoni

Chepkorir, ambaye sasa ndiye anasimamia kitalu cha miti, aliniomba niwaandikie ninyi mliobaki kazini. Aliniambia niandike chochote nitakachokumbuka. Basi sitaandika juu ya vyeo, kwa sababu nilipanda kidogo na kushuka kidogo, na mshahara wangu uliijua vizuri njia ya kwenda shuleni kuliko watoto wenyewe. Nitaandika juu ya kazi, na zaidi juu ya mnyama mmoja mdogo ambaye wengi wenu mmeambiwa mumlinde bila kuambiwa yaliyotokea.

Jina langu ni Rose Anyango, ingawa shambani wote waliniita Mama Akoth. Wazazi wangu walitoka upande wa ziwa wakaja huku kuchuma chai, nami nikazaliwa kwenye laini, zile nyumba za kampuni zilizopangwa mstari mmoja. Nilianza kwa kuchuma chai kama mama yangu. Baada ya watoto watatu mgongo ulikataa kikapu, nikapelekwa kitaluni.

Siku ya kwanza nilifika nimevaa viatu vya kanisani, kwa sababu nilidhani kitalu ni kazi ya kukaa. Mvua ilikuwa imenyesha na matope yalifika kwenye vifundo. Nyapara wa hapo, Mzee Joseph arap Sigei, aliviangalia viatu vyangu, akaenda stoo akarudi na gambuti za mpira za mtu aliyeacha kazi. Moja ilikuwa kubwa kuliko mwenzake. Nilizivaa mpaka zikapasuka.

Asubuhi hiyo alinionyesha kujaza udongo kwenye zile karatasi za plastiki za kuoteshea miche: udongo wa msituni, mchanga kidogo, samadi iliyooza hadi haina harufu. Ukishindilia sana, mzizi unakosa hewa. Ukiacha wazi sana, maji yanapita tu. Nilijaza, akapita nyuma yangu akibonyeza kila moja kwa kidole gumba, na zile ambazo hazikumpendeza akazimwaga chini bila kunigombeza. Mpaka saa ya chai nilikuwa nimejifunza kwa kuona nini kimemwagwa na nini kimeachwa. Hivyo ndivyo alivyofundisha kila kitu, hata kunoa panga.

Mzee Sigei alikuwa mtu wa Boito. Alikuwa na majani chai yake kidogo nyumbani, na ng'ombe, na alikuja kazini kwa miguu akipitia njia za ndani. Kiswahili chake kilikuwa kimelelewa na Kipsigis, na changu kimelelewa na Kijaluo. Konokono yeye alimwita "konogono", shamba mimi nikaliita "samba", na miche iliota vilevile.

Kitalu chetu kilikuwa juu ya korongo. Ninyi mnalijua. Chai inafika ukingoni halafu ardhi inaanguka ghafla, na chini mto unaruka mawe meusi yenye kuvu na mimea ya unyevu. Miti ya asili ilibaki mle kwa sababu hakuna aliyeweza kupanda chai kwenye mteremko kama ule. Tulikuwa tukishuka kuokota mbegu. Ilikuwa katika safari moja ya mbegu, mvua za Aprili zikiwa zimekolea, ndipo Mzee Sigei aliponiita kwa mkono nisogee polepole.

Kwenye jiwe lililofunikwa na kuvumwani, lile zulia la kijani la penye unyevu, karibu na maporomoko, kulikuwa na kitu cha rangi ya papai lililoiva. Kilikuwa kirefu kama kidole changu cha kati, kinateleza bila haraka, na mgongoni kilikuwa na nguo ya buluu iliyokolea karibu na nyeusi. Katikati ya nguo hiyo kulikuwa na gamba dogo, jembamba, linalong'aa kama ukucha. Gamba lenyewe lisingeweza kuficha hata robo ya mwili.

Mzee Sigei alisema babake alikuwa akiwaona konokono hawa alipokuwa kijana, kwenye makorongo mengi ya upande ule. Sasa alikuwa anawaona hapa tu. Aliwaita konokono wa kofia, kwa sababu mtu hawezi kulala ndani ya kofia yake. Nilisimama pale nikimtazama mpaka maji yakaingia kwenye ile gambuti kubwa. Nilikuwa nimezaliwa karibu na korongo lile na sikujua kwamba lina mtu kama huyo.

Miaka kadhaa baadaye kampuni ilimleta mtaalamu wa konokono kutoka Nairobi, Daktari Mueni. Alikuwa mama mfupi, mpole, mwenye miwani iliyojaa ukungu kila alipoinama. Yeye ndiye aliyetueleza kile tulichokuwa tunakiona bila kukielewa. Konokono wa kawaida, alisema, jua likizidi hujifungia ndani ya gamba na kungoja mvua. Yule asiye na gamba kabisa huchimbia mwili wake chini ya udongo. Huyu wa kofia yuko katikati ya hao wawili. Gamba amelipunguza mpaka halimfai kitu, na kuchimba hajui. Kinachomweka hai ni unyevu wa mahali pale pale, siku zote. Mahali hapo pakikauka, hana pa kwenda. Alikuwa amewatafuta kwenye misitu mingi, na kwa kadiri alivyojua hawapatikani nje ya makorongo machache ya huku kwetu. Korongo letu ndilo lililokuwa na wengi.

Hakuja kwa kupenda konokono tu. Kampuni ilitaka kujenga ukuta mtoni, maji yajae korongo, yazungushe mtambo wa umeme wa kiwanda. Kuta kama hizo zipo nyingi huku na si jambo la ajabu. Na umeme ulikuwa shida ya kweli. Mume wangu, Owuor, alifanya kazi kiwandani pale majani yanaponyaushwa. Stima ikipotea, feni zinasimama, majani yanapata moto yenyewe na kugeuka mekundu, na watu wanaambiwa warudi nyumbani. Nimeishi na mtu anayerudi nyumbani namna hiyo. Kwa hiyo msifikirie kwamba kulikuwa na watu wabaya upande mmoja na wazuri upande mwingine. Ukuta ulikuwa na sababu.

Watu wa mazingira wa serikali walikubali ujenzi kwa sharti moja: konokono wahamishwe kwanza, na ionekane kwamba wanaishi huko wanakopelekwa. Kazi hiyo tulipewa sisi wawili, Mzee Sigei na mimi, tukiongozwa na Daktari Mueni.

Tuliianza kwa furaha, nisiwafiche. Tulishuka alfajiri wakati ukungu bado umelala, tukiwa na makopo ya plastiki tuliyotoboa vifuniko, ndani tumeweka majani mabichi na kuvumwani. Hukumshika kwa vidole. Ulimwekea jani mbele, ukangoja apande mwenyewe. Mzee Sigei alikuwa na subira ya kazi hiyo kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Angeweza kuchuchumaa mbele ya konokono mmoja mpaka miguu ikafa ganzi, akiongea naye kwa Kipsigis kwa sauti ya chini. Nilimuuliza siku moja anamwambia nini. Akasema anamwambia twende.

Tuliwapeleka korongo jirani, lile la upande wa chini ya kijiji, ambalo Daktari Mueni alilichagua kwa sababu lina mawe ya aina ile ile na mto wa baridi. Lilikuwa zuri kwa macho. Tuliwaweka chini ya magogo yaliyooza, tukawafunika na majani. Tulirudi kila wiki na tukawakuta, wa rangi ya papai, wakila kuvu. Daktari alirudi Nairobi akiwa na moyo mkunjufu. Sisi tuliendelea kuwabeba mpaka mvua fupi zilipoisha.

Halafu ukaja Januari.

Ukingo mmoja wa lile korongo jirani ulikuwa umepandwa mikaratusi ya kuni za kiwandani, na wakati wa kiangazi ilivunwa, kama ilivyokuwa imepangwa tangu ipandwe. Hakuna aliyekosea. Miti ilikuwa imefika umri. Lakini ilipoanguka, jua la alasiri likaingia mahali ambapo halikuwahi kuingia. Tulishuka siku moja nikaona kuvumwani limekuwa kahawia na linavunjika ukiligusa. Mzee Sigei alipiga magoti akainua gogo la kwanza. Chini yake kulikuwa na magamba.

Mwili wao ukikauka hausazi kitu. Gamba peke yake ndilo linabaki, jembamba, safi, kama kucha zilizokatwa. Tuliinua gogo la pili na la tatu. Mzee Sigei aliyaokota yale magamba akayaweka kwenye kiganja chake, na upepo mdogo ukayapeperusha, akayaokota tena.

Wachache tuliwakuta hai karibu kabisa na maji. Tukawarudisha nyumbani kwao siku hiyo hiyo, na sijui kama hata hao walipona. Tulipokuwa tunapanda kurudi kitaluni alisimama mara nyingi kuvuta pumzi, nikadhani ni uchovu. Tulipofika juu aliweka makopo chini.

"Mama Akoth," akasema, "mimi sibebi mwingine."

Nilimpigia Daktari Mueni simu. Alikuja, akakaa mle korongoni kutwa nzima, na alipotoka hakuficha kitu. Alisema mahali alipachagua yeye, na hakuuliza miti ile itavunwa lini. Alisema hata bila kuvuna miti, hakuwa na uhakika tena. Huenda kuna kitu katika korongo la kwanza ambacho yeye hakijui bado. Alisema ataandika hivyo hivyo kwa watu wa serikali, kwamba kuhamisha kumeshindikana.

Wiki hiyo Mzee Sigei hakuja kazini. Kifua kilikuwa kimembana, akapelekwa hospitali ya Longisa.

Meneja wetu wakati huo, Bwana Kirui, aliniita ofisini kabla ya mkutano na watu wa serikali kuhusu ukuta. Aliniagizia chai, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Alikuwa mtu wa adabu, na nadhani yeye pia alikuwa amebanwa na walio juu yake. Alinieleza kwamba Daktari ni mgeni, anakuja na kuondoka, lakini mimi niko pale kila siku, kwa hiyo wale watu wa serikali watataka kunisikia mimi. Akasema si wote waliokufa. Akasema mvua zikirudi huenda wakaonekana wengine.

"Sema tu kwamba wanaendelea," akasema. "Hiyo si uongo sana."

Nilimaliza chai yake, nikashukuru, nikatoka. Nyumba yetu ilikuwa ya kampuni. Kazi ya Owuor ilikuwa ya kampuni. Akoth alikuwa kidato cha tatu.

Nilimweleza Owuor yote. Akaniambia kwamba kiwandani watu wanazungumza, wanasema konokono amekuwa na thamani kuliko mfanyakazi, na wanajua ni mke wa nani anayeshughulika nao. Nikamuuliza anataka nifanye nini. Akasema yeye hajaona yale magamba, niliyeyaona ni mimi, kwa hiyo hawezi kunisemea. Nilitamani angenikataza. Ingekuwa rahisi.

Jumapili baada ya kanisa nilikwenda Longisa. Mzee Sigei alikuwa kwenye wodi ya wanaume, kitanda cha karibu na dirisha, na mkewe alikuwa amemletea mursik, maziwa ya mgando, kwenye kibuyu. Alikuwa amekonda, lakini alinisalimu kwa utani wa kawaida, akaniuliza nani anamwagilia miche siku ya Jumapili. Nilimweleza kuhusu mkutano na ile chai. Alifunga macho, nikadhani amelala.

"Usiseme kitu kwa sababu yangu," akasema. "Mimi nimeshatoka. Wewe ndiye uko na nyumba ya kampuni, uko na watoto."

Nikamuuliza, basi niseme nini?

"Ukiulizwa uliona nini, wewe unajua uliona nini. Ukinyamaza pia nitakusalimia vilevile. Lakini usiniambie mimi kwamba wanaendelea."

Tulikaa hivyo, mkewe akatugawia mursik, na hatukuzungumza tena habari za kazi. Nilipoaga aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Sikumwona tena akiwa hai.

Mkutano ulikuwa kwenye ukumbi wa klabu ya wafanyakazi. Walikuwepo watu wa mazingira, injinia wa ukuta, Bwana Kirui, Daktari Mueni, na viongozi wa vijiji. Daktari alieleza kwa kirefu. Injinia naye akaeleza habari za stima, na alieleza vizuri. Kisha mama mmoja kutoka serikalini akasema angependa kumsikia anayeshuka korongoni kila siku. Nilisimama. Nakumbuka nilikuwa nimeshika mkoba wangu kwa mikono miwili kama mtu anayeogopa kuibiwa.

Nilisema tuliwahamisha kwa uangalifu wote tuliokuwa nao, na kwamba walikufa. Nilisema wengine tuliwarudisha, na kwamba sijui kama wanaishi. Yule mama akaniuliza kama mvua zikirudi huenda wakaonekana wengine kule. Nikasema, "Mama, magamba niliyaona kwa macho yangu. Kule hakuna wa kuonekana."

Nikaketi. Bwana Kirui alikuwa anaangalia meza. Hakuna aliyepiga makofi wala kuzomea. Waliendelea na mambo mengine, na chakula kikaja.

Siku chache baadaye Mzee Sigei alifariki. Tulimzika Boito, kwenye ukingo wa chai yake, mvua za kwanza zikiwa zinaanza. Wakati huo hakuna aliyejua ukuta utaamuliwa vipi, na hilo limeniuma kuliko mambo mengine yote. Kaburini watu walizungumza juu ya kanisa lake na ng'ombe wake na jinsi alivyosomesha watoto. Mimi nilikuwa nimepangiwa kusema kidogo kwa niaba ya kazini. Nilisema alinifundisha kujaza udongo. Wakaona nimezidiwa na machozi, wakanipisha nikae, lakini hayo ndiyo niliyotaka kusema.

Ukuta ulijengwa. Uliamuliwa uwe mfupi kuliko ulivyochorwa, maji yakomee chini ya maporomoko, ili mawe ya juu yabaki kama yalivyo. Sehemu ya chini ya korongo ilifunikwa, pamoja na magogo mengi ambapo tulikuwa tukiwaona. Stima ilipatikana, si yote waliyoitaka, na kiwanda kinaendelea mpaka leo. Mnaweza kusema kila mmoja alipata nusu. Konokono hawakuulizwa kama nusu inawatosha.

Mimi nilihamishiwa kwenye mizani, kule wachumaji wanakoleta majani yapimwe. Barua ilisema ni mahitaji ya kazi. Nilikaa huko miaka mingi. Kazi ya mizani si mbaya, ila wachumaji hawakupendi asubuhi na makarani hawakupendi jioni. Baadhi ya wenzangu waliniita Mama Konokono, na si kwa mapenzi. Owuor alikuwa akipita jioni tukitembea pamoja mpaka laini, na njiani hakuwahi hata siku moja kuniambia kwamba ningefanya vingine. Bwana Kirui alipohamishwa kwenda shamba lingine, alikuja mizani kuniaga. Tulishikana mikono.

Meneja aliyefuata alinirudisha kitaluni. Nilikuta miche imeshindiliwa kama matofali. Niliimwaga.

Kuanzia hapo mpaka nilipostaafu nilipanda miti ya asili kwenye ukingo wa korongo letu, ili jua lisiwafikie konokono wa mawe ya juu. Ninyi mlioshiriki mnajua ilivyo polepole. Mche wa mti wa asili hauna haraka kama mkaratusi. Unakaa umeduwaa miaka miwili kabla ya kuamua kuishi. Konokono niliwaona, mwaka mmoja watatu wanne, mwaka mwingine mmoja tu, wote wakubwa. Daktari Mueni, ambaye bado alikuwa anakuja, alikuwa na wasiwasi na hilo. Alisema wakubwa wanaweza kuishi mahali kwa muda hata kama mahali hapo pamekwisha. Cha kutafuta ni wadogo. Nilitafuta wadogo kila msimu wa mvua, kwa magoti, mpaka siku yangu ya mwisho kazini, na sikuwaona.

Niliaga mwaka jana. Walinipa blanketi na keki, na hotuba iliyotaja jina langu vibaya.

Mwezi wa Mei huu, mvua ikiwa haijakatika siku nyingi, nilitoka Sotik tunakoishi sasa nikaja kuwasalimu. Getini askari alikuwa kijana mpya, hanijui. Aliniambia kwa heshima kwamba wageni hawaruhusiwi kushuka upande wa mto bila kibali. Nilimwambia yuko sahihi, kwa sababu sharti hilo nililiomba mimi. Alinipa kiti chini ya paa lake, akampigia Chepkorir simu.

Chepkorir alikuja mbio, akataka kunigombania niingie. Nikamkataza. Miguu yangu siku hizi ingewakanyaga hata hao wachache. Nikamwambia ashuke yeye, apite upande wa kushoto wa maporomoko, ainue majani na ayarudishe kama yalivyokuwa. Nilikaa pale na yule askari, tukazungumza habari za bei ya maziwa, huku mvua ikinyesha juu ya bati hata ikabidi tupaze sauti.

Alikawia. Aliporudi magoti yake yalikuwa yamejaa matope na nywele zimelowa. Alichuchumaa mbele ya kiti changu, akashika kidole changu kidogo, akanionyesha kwa ukucha wake mahali kwenye pingili ya kwanza.

"Mama," akasema, "wako hivi. Hata rangi bado haijakolea."

Nikamuuliza kama ameyarudisha majani.

Akasema ameyarudisha.